Transitiviti: nini kinavuka, na kinavuka vipi katika kila taaluma

Mwanafunzi wa isimu akiulizwa transitiviti ni nini, atazungumzia vitenzi: viko vinavyohitaji shamirisho, yaani nomino inayopokea tendo, na viko visivyohitaji. Mwanafunzi wa hisabati akiulizwa swali hilohilo ataandika herufi tatu, A, B na C, kisha aeleze kwamba uhusiano ukiwapo kati ya A na B, na ukiwapo pia kati ya B na C, hauna budi kuwapo kati ya A na C. Mtafiti wa tiba naye atataja sharti linalomruhusu kulinganisha dawa mbili ambazo hazijawahi kushindanishwa katika jaribio moja. Wote watatu wako sahihi. Mkanganyiko unaowapata wasomaji wanaohama kutoka taaluma moja kwenda nyingine unatokana na jambo moja, kwamba istilahi hii, yenye asili ya kitenzi cha Kilatini kinachomaanisha kuvuka, haisemi yenyewe ni kitu gani kinachovuka. Katika sarufi kinachovuka ni tendo, kutoka kwa mtenda hadi kwa mtendwa. Katika mantiki na hisabati kinachovuka ni uhusiano, ambao hupita kiungo cha kati na kuunganisha ncha mbili. Karibu maana nyingine zote ni matawi ya hizi mbili, na mengi ni ya ile ya pili.

Nitaanza na sarufi, kwa kuwa hapo Kiswahili kina utajiri usio wa kawaida. Wanasarufi wetu huiita sifa hii uelekezi, na hugawa vitenzi kuwa elekezi na sielekezi. Katika sentensi "Mtoto amevunja kikombe", tendo linaanza kwa mtoto na kutua kwenye kikombe. Katika "Mtoto amelala", tendo linaanza na kuishia kwa mtoto mwenyewe. Mtu asiyeridhika na maelezo ya kimaana anavyo vipimo viwili vya kimuundo. Kitenzi elekezi hupokea kiambishi cha mtendwa, kama katika "amekivunja", na hugeuzwa kuwa kauli ya kutendwa, ambapo kile kilichokuwa shamirisho hushika nafasi ya kiima: "Kikombe kimevunjwa na mtoto". Kitenzi "lala", kikiachwa kama kilivyo katika sentensi ile, hushindwa vipimo vyote viwili.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba uelekezi ni tabia ya kudumu ya mzizi wa kitenzi. Katika Kiswahili viambishi tamati hufanya kazi ya kuupandisha na kuushusha, na hufanya hivyo kwa utaratibu unaoweza kufuatiliwa hatua kwa hatua. "Lala" kikiingia katika kauli ya kutendesha huwa "laza", na sasa tuna mtu wa pili anayepokea tendo: "Mama amemlaza mtoto". Kauli ya kutendea huongeza mshiriki kwa njia nyingine. "Ameandika barua" ina shamirisho moja, lakini "amemwandikia rafiki barua" ina mbili, barua ikiwa shamirisho kipozi (kitu kinachotendwa) na rafiki shamirisho kitondo (anayetendewa). Pamoja na kuwapo kwa mashamirisho mawili, nafasi ya kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi imebaki ileile moja, na katika mfano huu imechukuliwa na rafiki. Upande wa kushusha, kauli ya kutendeka humfuta mtenda kabisa: tunasema "kikombe kimevunjika", wala hatuwezi kumrudisha mtoto mlangoni kwa kusema "kimevunjika na mtoto". Kauli ya kutendana nayo huwakusanya mtenda na mtendwa katika kiima kimoja, kwani katika "wanapendana" kila mmoja hutenda na kutendwa kwa wakati mmoja, na hakuna tena shamirisho la kutafuta.

Mfano ninaouona kuwa wenye mafunzo kuliko yote ni kitenzi "fa". Ni vigumu kufikiria tendo lisiloelekea kwa mwingine kuliko kufa. Lakini weka kauli ya kutendea, upate "fia", na mara linatokea shamirisho: "Baba yake alimfia akiwa mdogo". Kisha weka juu yake kauli ya kutendwa, upate "fiwa": "Alifiwa na baba yake". Kisarufi marehemu ndiye mtenda na aliyebaki ndiye mtendwa, ingawa hakuna mkono uliomgusa mtu. Hapa uelekezi unatuonyesha kwamba sarufi haisubiri tendo la kimwili livuke kutoka mwili mmoja hadi mwingine; inatosha athari ivuke.

Ni kwa sababu za namna hii kwamba wanaisimu Paul Hopper na Sandra Thompson, katika makala yao ya mwaka 1980, walipendekeza kuachana na mgawanyo wa ndiyo au hapana. Kwao transitiviti ni sifa ya kishazi kizima na ina viwango, na waliorodhesha vigezo kumi vinavyokipandisha au kukishusha kishazi katika ngazi hiyo, miongoni mwake ikiwa ni kama mtenda amekusudia, kama tendo limekamilika, kama mtendwa ameathirika kikamilifu, na kama mtendwa huyo ni kitu mahususi au cha jumla tu. Msemaji wa Kiswahili hapati shida kukielewa kigezo hiki cha mwisho. "Nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu" zina kitenzi kilekile na shamirisho lilelile, lakini katika ya pili kiambishi "-ki-" kwa kawaida huashiria kitabu kinachojulikana na wasemaji wote wawili. Kishazi cha pili kimepanda ngazi moja juu ya cha kwanza.

Mwanaisimu M.A.K. Halliday, aliyeanza kuliandikia suala hili katika miaka ya 1960, alilipanua zaidi. Katika sarufi yake amilifu, transitiviti ni mfumo mzima ambao kwao lugha huwasilisha matukio: ni mchakato gani unaelezwa, washiriki ni nani, na mazingira ni yapi. Kutenda, kuhisi, kusema na kuwa ni michakato tofauti yenye washiriki tofauti, na mwandishi huchagua kati yake kila anapounda sentensi. Ndiyo maana wachambuzi wa habari hupenda chombo hiki. "Askari waliwafyatulia risasi waandamanaji", "waandamanaji walipigwa risasi" na "watu walifariki katika ghasia" zinaweza kueleza tukio moja, ilhali ya kwanza inataja mtenda, ya pili inamwacha nje, na ya tatu inatumia kitenzi ambacho tangu awali hakina nafasi ya mtenda mwingine. Uchambuzi huu hauthibitishi nia mbaya ya mwandishi yeyote, lakini unamwonyesha msomaji mahali hasa ambapo wajibu umetoweka katika sentensi.

Sasa tuvuke upande wa pili. Dhana ya kimantiki ni ya kale kuliko jina lake. Euclid, takriban miaka 300 kabla ya Kristo, aliweka kama kauli ya kwanza kati ya zile alizoziona kuwa za wote kwamba vitu vilivyo sawa na kitu kimoja ni sawa vyenyewe kwa vyenyewe, na hoja maarufu ya Aristotle ya "kila A ni B, kila B ni C, basi kila A ni C" inategemea uvukaji huohuo. Jambo la kuzingatia ni kwamba hapa hatuna mtenda wala mtendwa. Tuna uhusiano mmoja unaorudiwa mara mbili, na tunauliza kama marudio hayo yanatupa haki ya kuutangaza mara ya tatu bila kwenda kuukagua.

Kuna mahusiano ambayo jibu lake daima ni ndiyo: kuwa mkubwa kuliko, kutangulia, kuwa mhenga wa. Kuna ambayo jibu lake daima ni hapana: A akiwa baba wa B, na B akiwa baba wa C, basi A ni babu wa C na hawezi kuwa baba yake. Kundi la tatu ndilo la hatari, kwa sababu uhusiano wake huvuka wakati fulani na kukwama wakati mwingine. Urafiki uko humo, na kumwamini mtu pia. Hata neno dogo kama "mwanachama" linahitaji uangalifu. Mchezaji ni mwanachama wa klabu, klabu ni mwanachama wa shirikisho, lakini mchezaji si mwanachama wa shirikisho. Kinyume chake, kidole ni sehemu ya mkono na mkono ni sehemu ya mwili, na hapo kidole kweli ni sehemu ya mwili. Nadharia ya seti imejengwa juu ya tofauti hiyohiyo kati ya kuwa kipengele cha seti na kuwa seti ndogo ndani ya seti kubwa. Ya pili huvuka, ya kwanza haivuki kwa jumla.

Uhusiano usiovuka unaweza kupanuliwa mpaka uvuke. Chukua "mzazi wa", kisha ongeza kila jozi inayopatikana kwa kufuata wazazi hatua moja, mbili, tatu na kuendelea, na utakachopata ni "mhenga wa". Gottlob Frege aliieleza mbinu hii kwa lugha ya mantiki mwaka 1879, na mwaka 1962 Stephen Warshall alichapisha algorithi fupi inayoikamilisha kazi hiyo kwa kompyuta. Matumizi yake yako kila mahali ambapo swali ni "je, naweza kufika?": kutoka kituo kimoja cha usafiri hadi kingine kwa kubadilisha njiani, au kutoka programu moja hadi programu nyingine zote zinazoitegemea. Inashangaza kidogo kwamba lugha za hifadhidata za awali hazikuweza kuuliza swali hili kwa sentensi moja. Alfred Aho na Jeffrey Ullman walionyesha mwaka 1979 kwamba algebra iliyokuwa msingi wa lugha hizo haina nguvu ya kutosha kulieleza, na kiwango rasmi cha SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kilipata maswali ya kujirudia katika toleo la 1999.

Katika fizikia, uvukaji umepewa hadhi ya sheria. Sheria ya sifuri ya thamodinamiki inasema kwamba mifumo miwili ikiwa kila mmoja katika mizani ya joto na mfumo wa tatu (yaani ikigusana hakuna joto linalohama kati yao), basi hiyo miwili iko katika mizani ya joto yenyewe kwa yenyewe. Iliitwa ya sifuri kwa sababu sheria ya kwanza na ya pili zilikuwa tayari zina majina yake ilipotambuliwa kwamba hii ndiyo inayozitangulia. Wengi huiona kama jambo lisilohitaji kusemwa, lakini bila ya hiyo kipimajoto hakina maana. Kipimajoto ndicho mfumo wa tatu: kinaguswa na maji ya chombo kimoja, kisha ya chombo kingine, na kikisoma digrii zilezile tunatangaza kwamba maji ya vyombo hivyo yana joto sawa ingawa hayajawahi kukutana. Uhalali wa tangazo hilo unatokana na majaribio ya ulimwengu halisi, na hakuna kanuni ya mantiki pekee inayotupatia.

Kwamba ulimwengu ungeweza kuwa vinginevyo kunaonekana mara tu tunapoacha vyombo na kutumia hisi zetu. Henri Poincaré, katika kitabu chake cha mwaka 1902 kuhusu sayansi na nadharia tete, alitaja mizigo mitatu ya gramu 10, 11 na 12. Mkono hauwezi kutofautisha 10 na 11, wala 11 na 12, lakini hutofautisha kwa urahisi 10 na 12. Kwa hiyo "kuhisiwa kuwa sawa" hakuvuki, ilhali "kuwa sawa" huvuka. Mtu anayepanga vitu kwa kuvilinganisha viwiliviwili kwa macho au kwa mkono anapaswa kulijua hili kabla ya kuanza, kwa maana makosa madogo yasiyohisika hujikusanya katika mnyororo mpaka yakawa tofauti kubwa.

Mahali ambapo kukosekana kwa uvukaji kumewasumbua watu zaidi ni katika kura. Mwaka 1785 Marquis de Condorcet wa Ufaransa alionyesha tatizo ambalo linahitaji wapiga kura watatu tu. Wa kwanza anapendelea A, kisha B, kisha C. Wa pili anapendelea B, kisha C, kisha A. Wa tatu anapendelea C, kisha A, kisha B. Kila mmoja wao, akichukuliwa peke yake, ana mpangilio usio na dosari. Lakini pambanisha A na B: A anapata kura mbili, ya mtu wa kwanza na ya tatu. Pambanisha B na C: B anapata mbili. Kwa mantiki ya kawaida tungetarajia A amshinde C, lakini tukihesabu tunakuta C anamshinda A kwa kura mbili kwa moja. Wengi wamezunguka kwenye duara ambalo hakuna mtu hata mmoja kati yao analo kichwani mwake.

Athari yake kwa vikao ni nzito. Ikiwa mapendekezo yanapigiwa kura mawilimawili, mshindi wa raundi ya kwanza akiingia raundi ya pili, basi katika mfano huu pendekezo linaloingia mwisho ndilo hushinda, lolote liwalo. Anza na A dhidi ya B, na C atashinda mwishoni. Anza na B dhidi ya C, na A atashinda. Anza na C dhidi ya A, na B atashinda. Mwenyekiti anayepanga ajenda amepewa, bila kutajwa popote katika kanuni, mamlaka ya kuchagua matokeo. Kenneth Arrow, katika kitabu chake cha mwaka 1951, alithibitisha kwamba tatizo ni la kina kuliko kura za mawilimawili. Chaguzi zikiwa tatu au zaidi, hakuna kanuni ya kuunganisha mipangilio ya watu iwezayo kutoa daima mpangilio wa pamoja unaovuka, kuheshimu kauli moja ya wote, kulinganisha chaguzi mbili bila kuathiriwa na ya tatu, na wakati huohuo kutomfanya mtu mmoja kuwa mwamuzi pekee. Kwa maoni yangu hili ni miongoni mwa matokeo muhimu zaidi ya sayansi ya jamii katika karne ya 20, na ni vyema likumbukwe kila inaposemwa kwamba "wananchi wanapendelea" jambo fulani, kana kwamba umma una akili moja yenye mpangilio mmoja.

Mtu anaweza kudhani kwamba mizunguko hii inatokana na utashi wa binadamu. Dadu tatu zinatosha kumwondolea dhana hiyo. Dadu ya kwanza iwe na namba 2, 4 na 9, kila moja ikiandikwa kwenye nyuso mbili. Ya pili iwe na 1, 6 na 8. Ya tatu iwe na 3, 5 na 7. Jumla ya kila kundi ni 15, kwa hiyo wastani wa kila dadu ni 5. Ukizirusha ya kwanza na ya pili, kati ya michanganyiko 9 yenye uwezekano sawa, ya kwanza hushinda katika 5: namba 9 hushinda zote tatu za mwenzake, na 2 na 4 kila moja humshinda 1. Kwa hesabu hiyohiyo ya pili huishinda ya tatu mara 5 kati ya 9, na ya tatu nayo huishinda ya kwanza mara 5 kati ya 9. "Kuwa na uwezekano mkubwa wa kushinda" ni uhusiano usiovuka, hata pale ambapo hakuna mwenye hisia wala upendeleo.

Viumbe hai wanazo pande zote mbili za suala hili. Barry Sinervo na Curtis Lively waliripoti mwaka 1996 kuhusu mijusi wa California ambao madume yao yana makoo ya rangi tatu: wenye koo la chungwa huwanyang'anya maeneo wenye bluu, wenye bluu huwalinda majike wao dhidi ya wenye manjano, na wenye manjano, wanaofanana na majike, hupenya kwa siri katika maeneo mapana ya wenye chungwa. Hakuna aliye juu ya wote, na kwa sababu hiyo hakuna anayetoweka. Upande mwingine, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Logan Grosenick na wenzake ulionyesha kwamba samaki wa jamii ya Astatotilapia burtoni, ambao asili yao ni Ziwa Tanganyika, wanaweza kutumia uvukaji kufikiri. Samaki aliyetazama A akimshinda B, B akimshinda C, C akimshinda D na D akimshinda E, alipowekwa kati ya B na D ambao hakuwahi kuwaona wakipigana, alimtambua D kuwa dhaifu.

Nimeuacha mwisho uwanja ambamo kosa linaweza kumdhuru mtu. Katika takwimu, uhusiano kati ya vigezo viwili hupimwa kwa namba iliyo kati ya -1 na 1, na ni kawaida kusikia kwamba kama X inaendana na Y, na Y na Z, basi X inaendana na Z. Hesabu inakataa. Vipimo viwili vya kwanza vikiwa 0.8 kila kimoja, cha tatu hakiwezi kushuka chini ya 0.28. Lakini vikiwa 0.7, ambavyo watafiti wengi wangeviita vyenye nguvu, cha tatu kinaweza kufika hadi -0.02, yaani hakuna uhusiano wowote wa maana.

Watafiti wa tiba hukutana na tatizo la jamaa hiyo wanapolinganisha dawa kupitia mtandao wa majaribio. Dawa A imeshindanishwa na B, na B imeshindanishwa na C, lakini hakuna aliyeshindanisha A na C. Tofauti kati ya A na C hukadiriwa kwa kupitia B, ambayo mara nyingi ni kidonge kisicho na dawa ndani yake. Sharti linalohalalisha hatua hiyo lenyewe huitwa transitiviti, na linataka wagonjwa wa majaribio ya aina zote mbili wafanane katika kila jambo linaloweza kubadilisha ukubwa wa athari ya tiba. Ikiwa A ilijaribiwa kwa wagonjwa walio katika hatua za mwanzo za ugonjwa na C kwa waliozidiwa, B iliyo katikati ni moja kwa jina tu, na programu ya kompyuta itatoa makadirio nadhifu ya kitu ambacho hakipo. Kwa hiyo, kabla ya hesabu yoyote, watafiti makini hupanga jedwali la umri wa wagonjwa, ukali wa ugonjwa, kipimo cha dawa na muda wa ufuatiliaji katika kila jaribio, na pale penye majaribio ya moja kwa moja hulinganisha matokeo yake na yale yaliyopatikana kwa kupitia B. Yakipingana, hurudi kwenye jedwali lile kutafuta ni wapi wagonjwa walitofautiana.